Mkono Mtupu

Mkono mtupu haulambwi, na wenzangu wamekwisha gawana:
Effie ataleta viti, Lachlan chupa ya tatu,
mwalimu Ishbel maji ya kisima chake katika jagi la udongo,
nami, Dolina, nimeambiwa: lete kitu cha kutafuna.
Kitu. Neno jepesi kama kapu lisilo na chochote.

Nimesimama mbele ya kabati tangu saa nne.
Mvua ya Islay inagombana na dirisha, dirisha halijibu.

Chupa ya kwanza naijua, laini, rangi ya nyasi kavu,
inanukia mapea na nta ya mshumaa.
Hiyo ningeipa jibini changa la mbuzi, na asali nyuzi mbili.
Ya pili imelala miaka kumi na minane katika pipa la divai tamu;
iwekee chokoleti chungu, kisha nyamaza.
Ya tatu ni ya hapa kwetu, ya moshi,
inayoingia kinywani kama mtu aliyetoka kuzima moto
na hajavua koti.
Hiyo mpe chaza, umdondoshee tone ndani ya gamba lake,
uwaache wapatane wenyewe.

Hayo hata mtoto wa kisiwa hiki anayajua.
Kinachonisimamisha ni Fearchar.

Miaka thelathini na sita alikuwa pua ya kiwanda.
Alijua pipa linalovuja kabla halijavuja,
na nani kakaanga samaki usiku wa kuamkia zamu.
Februari homa ikamwingia, ikakaa siku tisa,
ikaondoka na harufu zote,
kama mpangaji mbaya anayeng'oa hata swichi za taa.
Sasa nyama kwake ni kamba, chai ni maji yaliyochemka,
na wiski, aliniambia kando ya zizi bila kunitazama,
"ni joto tu, Dolina. Joto linaloshuka."

Na bado katualika. Kaandika kwa mkono wake:
Jumamosi, saa moja jioni, njooni tuonje.

Umwandalie nini mfiwa
ambaye aliyefariki ni pua yake?

Nikachukua kibanio cha nguo, nikajibana pua,
nikala kabati zima, rafu kwa rafu.
Jibini: mshumaa.
Chokoleti: tope tamu lisilokwenda popote.
Samaki wa moshi: ulimi wa kiatu, chumvi juu yake.
Tarishi akafungua mlango akaniona hivyo,
mdomo umejaa, kibanio usoni,
akaweka barua juu ya meza akarudi mvuani.

Lakini haradali ilipanda hadi utosini.
Kitunguu cha siki kilipasuka, kikanikunja uso.
Chaza alikuwa baridi, baridi ya kweli, kisha chumvi.
Na biskuti ya oti, ile ngumu ya mama mkwe
niliyoicheka miaka yote ya ndoa yangu,
ililia kichwani mwangu kama kokoto chini ya buti.

Basi nikafunga hivyo vinne. Jibini nikalitia mfukoni mwa koti,
kwa ajili ya wengine, kama wangeuliza.

Walinusa, wakasema nta, wakasema mapea,
Lachlan akasema tandiko la farasi, hutafuta sifa yule.
Fearchar alizungusha glasi yake kwa adabu ya zamani,
akaileta puani, akaishusha.
Nikamsogezea sahani.
Akavunja biskuti karibu na sikio
kwa namna ambayo zamani angefungua kizibo.
Chumba kikanyamaza. Akavunja nyingine.

"Hii," akasema, "naisikia."

Akala sita. Akapaka haradali hadi machozi yakamtoka,
nasi tukakubaliana, bila kusemezana,
kwamba ni haradali.

Jibini nililikumbuka Jumatatu.
Mbwa alikuwa amelikumbuka Jumapili, pamoja na mfuko.